Uzito mkavu wa chakula: maana yake kwa anayefuga ng'ombe mdogo kama kipenzi

Uzito mkavu ni uzito wa chakula cha mnyama ukishaondoa maji yote yaliyomo. Kwa mwenye Zebu mdogo wa Marekani, Dexter wa asili ya Ireland au Lowline wa Australia, hesabu hii ndiyo inayomzuia kulisha kwa huruma. Ng'ombe wa kimo cha mita moja akija getini analia, ni rahisi kuamini ana njaa.

Ng'ombe mzima asiyenyonyesha hula kwa siku takriban asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wa mwili wake, ikihesabiwa kikavu. Kwa hiyo anza na uzito wa mwili. Msimamishe mahali tambarare, miguu minne sawasawa. Zungusha tepu kifuani, nyuma ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu kama anayo, ibane bila kukaza. Kisha pima urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, vyote kwa sentimita, halafu gawanya kwa 10,840. Mzunguko wa sentimita 130 na urefu wa 110 vinakupa kilo 171 hivi. Ni makadirio, lakini yanatosha kupangia chakula.

Asilimia 2 ya hizo ni kilo 3.4 za chakula kikavu. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa kwa kulishia, hata ikikauka vizuri bado ina maji kama asilimia 12, kwa hiyo gawanya 3.4 kwa 0.88: unapata kilo 3.9 za kuweka horini. Nyasi mbichi changa zina maji yapata asilimia 80, hivyo kiasi kilekile kinakuwa kilo 17. Tumbo linashibishwa na hizo 3.4, mengine ni maji. Usipime kwa vipande vya robota. Kimoja hufungwa kwa kukazwa kuliko kingine. Tumia mizani ya kuning'iniza.

Hapa pana kosa linaloumiza wengi. Mahindi ya kuparaza nayo ni makavu kama hei, ila uzito mkavu hauelezi chakula kimeundwa na nini. Wanga mwingi ukiingia ghafla kwenye tumbo la kwanza, vijidudu vyake huuchachusha haraka, asidi hujaa, mnyama huacha kucheua, huharisha na anaweza kufa. Akipona, mara nyingi kwato huuma. Kilo mbili za nafaka ambazo ng'ombe mkubwa aliyezoea angezimudu ni hatari kwa huyu wa kilo 171. Banda la chakula cha kuku lifungwe kwa komeo, maana ulimi wa ng'ombe hufungua kitasa chepesi. Mkate wa kumbembeleza uwe kipande, si mfuko. Na anayepata hei nzuri wala hahitaji nafaka. Anahitaji chumvi na madini ya ng'ombe. Yale ya kondoo hupunguzwa shaba kwa makusudi, hayamfai.

Nyasi zilizokatwa kwa mashine ya bustani zisimwagwe malishoni. Huchemka na kuchacha zikiwa zimerundikana, na ng'ombe huzimeza bila kuzitafuna vya kutosha. Mara nyingine huchanganyika na matawi ya mwoleanda, mti wa maua wenye sumu, na majani machache tu ya mti huo huua.

Kila baada ya wiki mbili shika mbavu na shina la mkia. Mbavu zisipohisika hata ukibonyeza, na mafuta yakiwa yamevimba kandokando ya mkia, amenenepa kupita kiasi. Mtamba wa namna hiyo huzaa kwa shida. Punguza hei kidogo kidogo, au tafuta hei iliyokomaa yenye nyuzi nyingi. Usimkatie ghafla.

Na maji uliyoyaondoa kwenye hesabu lazima ayapate birikani. Anayekula hei peke yake atakunywa yapata lita 15 siku isiyo na joto, na mara mbili ya hizo jua likiwaka. Maji yakiganda wakati wa baridi, atapunguza kula kabla hujagundua kuwa tatizo ni birika.