Anoreksia: ubongo haujazimika

Mzazi anayeniletea binti aliyekonda kwa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa woga wa kunenepa, mara nyingi ameshaamua chanzo: mtoto anaringa, ameiga picha za mitandaoni, au ana vidonda vya tumbo. Waliosoma kidogo nao wana lao. Wanasema ubongo wa mgonjwa umezimika, hausikii tena raha ya chakula. Hili la mwisho linanikera zaidi, kwa sababu linasikika kama sayansi, ilhali vipimo vinaelekea upande mwingine kabisa.

Tuanze na dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo. Magazeti huiita homoni ya raha, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini kwenye ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Nyani akishajua kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zake hazishtuki tena kwa juisi, zinashtukia taa. Taa ikiwaka na juisi isije, zinanyamaza kuliko kawaida. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague waliandika hesabu ya jambo hilo: seli hizo hupima pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kazi kubwa ya dopamini ni kufundisha.

Guido Frank, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya utafiti wake Colorado na baadaye San Diego, alilipeleka wazo hilo kwa wagonjwa. Msichana analala ndani ya mashine ya MRI, kichwa hakitakiwi kutikisika, mrija mwembamba umefika mdomoni. Kwenye kioo linatokea umbo la rangi fulani, kisha maji matamu ya sukari yanamdondokea ulimini. Linakuja umbo jingine, halifuatwi na kitu. Akishazoea, watafiti wanaanza kuvunja ahadi mara mojamoja: umbo la sukari linaonekana lakini mdomo unabaki mkavu, au sukari inaingia bila kutarajiwa. Mashine inapima ubongo unavyoshtuka nyakati hizo.

Matokeo ya 2012: wenye anoreksia walishtuka zaidi ya watu wenye afya, na wenye unene uliopitiliza walishtuka kidogo. Mwaka 2021 timu hiyo ilitoa utafiti mkubwa zaidi, wanawake 197 wenye matatizo mbalimbali ya ulaji na 120 wasio nayo, ukaonyesha kwamba kadiri BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ilivyokuwa chini, ndivyo mshtuko ulivyokuwa mkubwa. Kwa kiumbe mwenye njaa hilo lina mantiki yake, maana njaa huunoa ubongo ili chakula kisimpite. Sasa mbona mgonjwa hali chakula?

Jibu la Frank liko kwenye haipothalamasi, sehemu inayosimamia njaa, na straiatamu ya chini, inayohusika na thamani na hamu. Kwa wenye afya, ujumbe ulionekana kutoka haipothalamasi kwenda straiatamu. Kwa wagonjwa ulikwenda kinyume, kana kwamba woga wa kula umepata njia ya kuinyamazisha njaa. Tafsiri hiyo inanivutia, ila niwe mkweli: mwelekeo wa ujumbe kwenye MRI hukokotolewa kwa modeli ya hesabu, hakuna aliyeuona ukipita. Wala kipimo hiki si cha kumpeleka mwanao akapime. Kinalinganisha makundi, hakimtambui mtu mmoja.

Kwa kazi yangu ya kila siku, utafiti wa Karin Foerde na Joanna Steinglass wa Columbia, New York, uliochapishwa 2015, unanisaidia zaidi. Walikuwa na wagonjwa 21 na wanawake wenye afya 21, ambao walipewa picha za vyakula wazipime kwa utamu na kwa faida ya kiafya, kisha wachague wangependa kula nini. Wagonjwa walikwepa vyakula vya mafuta, na wakati wa kuchagua straiatamu ya juu, inayohusishwa na mazoea, ilifanya kazi zaidi kwao. Uhusiano wake na sehemu ya mbele ya ubongo uliendana na kiasi walichokula kesho yake mezani. Nikimwona binti anakata chapati vipande vidogo kama kucha, anavipanga pembeni ya sahani kabla ya kuonja kimoja, nawaza mazoea kabla ya kuwaza kiburi.

Bado kuna swali gumu: kipi kilitangulia, ubongo huo au njaa? Minnesota, Marekani, kuanzia Februari 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 wenye afya kwa miezi sita, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wanawaza chakula muda wote, wengine wakikusanya vitabu vya mapishi. Basi sehemu ya tunachokiona kwa wagonjwa ni njaa yenyewe inaongea.

Ndiyo maana matibabu yanaanza kwa kurudisha uzito, chini ya uangalizi: mtu aliyekonda sana akilishwa kwa pupa, madini ya fosfati kwenye damu hushuka na moyo unaweza kuyumba. Dawa zinazogusa dopamini zimejaribiwa pia. Olanzapini, dawa ya magonjwa ya akili, ilipimwa kwa wagonjwa wa nje 152 huko Marekani na Canada kwa wiki 16, matokeo yakatoka 2019: uzito uliongezeka kwa kasi kidogo kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, lakini mawazo kuhusu mwili na chakula hayakuonyesha tofauti.