Nyoka wa kijani kwenye mwembe: yupi ana sumu?

Septemba 1957, bustani ya wanyama ya Lincoln Park mjini Chicago ilimpelekea Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa makumbusho ya Field, nyoka mchanga ili amtambue. Karibu kila kitu kilionyesha kuwa ni ngole wa Afrika (Dispholidus typus), isipokuwa gamba moja karibu na mkia ambalo halikuwa limegawanyika kama kawaida. Wakati shaka hiyo haijaisha, nyoka akamng'ata kidole gumba. Kesho yake Schmidt alifariki, damu ikimvuja ndani kwa ndani.

Ngole huyo ndiye anayepanda miembe na mikorosho ya Pwani, na hapo hukutana na wawili wanaofanana naye: nyoka aitwaye mamba wa kijani (Dendroaspis angusticeps) na nyoka wembamba wa jenasi Philothamnus, wasio na madhara kwa binadamu. Rangi haitoshi kuwatenganisha. Anza na kichwa. Cha mamba wa kijani ni kirefu, chembamba, na jicho lake si kubwa. Mwili ni wa kijani kibichi kisicho na madoa, magamba laini. Kichwa cha ngole ni kifupi, butu kama yai, na jicho ni kubwa mno kwa kichwa hicho. Magamba yake yana mgongo (mstari ulioinuka) katikati, kwa hiyo haonekani kung'aa. Dume mara nyingi ni kijani, jike kahawia, na mtoto ni kijivu mwenye jicho la zumaridi, hivyo usimwondoe kwenye orodha kwa kuwa tu si kijani.

Philothamnus naye ana jicho kubwa, na hapo ndipo wengi hukosea. Tazama wembamba wake na magamba laini yanayong'aa. Baadhi wana madoa au mistari myeusi sehemu ya mbele ya mwili. Nyoka wa kijani anayezidi mita moja na nusu si Philothamnus. Kinyume chake hakisaidii, maana mamba mdogo naye ni mfupi. Kuvimbisha shingo pia si ushahidi: ngole huvimbisha, na huyu asiye na madhara humwiga.

Kanuni mbili zinazosambazwa sana tungependa zisahaulike. Ya kwanza ni kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu: mamba hana, na sumu yake inaua. Ya pili ni kwamba ana mboni wima kama ya paka. Nyoka mla mayai (Dasypeltis scabra) ana mboni wima na karibu hana meno kabisa, ilhali kifutu wa usiku (Causus rhombeatus), anayefanana naye, ana sumu na mboni ya duara! Kifutu huyo ana alama moja ya V juu ya kichwa. Mla mayai mara nyingi ana V shingoni, nyuma ya kichwa. Akitishwa, mla mayai hujikunja, husugua magamba hadi yakwaruze, kisha hupanua kinywa cheusi. Anauawa bure kwa maigizo hayo.

Haya yote yatazamwe kutoka mita 5 au zaidi, kwa picha ya simu iliyovutwa karibu. Usimshike hata aliyekufa, kwani kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata.

Mtu aking'atwa, mvue pete na bangili, alale, kiungo kifungwe kwenye ubao kisitikisike, apelekwe hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Kama nyoka alitoka mtini, mweleze daktari: kingasumu mseto cha kawaida (kinachotibu sumu ya nyoka wa aina kadhaa) hakifanyi kazi dhidi ya ngole, ambaye ana chake peke yake. Dalili zake huchelewa kwa saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku, hivyo mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa kuwa anajisikia mzima. Pasipo maabara, ili kujua kama sumu imezuia damu kuganda, mililita 2 za damu ya mshipa huwekwa kwenye chupa ndogo ya kioo, mpya au safi na kavu, na kuachwa dakika 20 bila kuguswa. Chupa ikiinamishwa na damu ikatiririka, haigandi. Chupa ya plastiki, au ya kioo iliyooshwa kwa sabuni, hutoa jibu la uongo, kwa sababu damu inahitaji kugusa kioo safi ili ianze kuganda.