Mgongo unauma kumbe ni kansa ya damu: seli zinaongea nini huko kwenye uboho?

Eti seli zinaongea?
Ndio, ila sio kwa mdomo. Seli moja inatoa protini, nyingine ina kipokezi chake kwa nje, ile protini ikinasa tu amri imefika: gawanyika, tulia, au kufa. Zingine mpaka zigusane.

Sasa kansa inaingiaje hapo?
Inaanza na hitilafu kwenye DNA, ila hitilafu peke yake mara nyingi haitoshi. Chukua mayeloma, kansa ya damu inayotokana na seli za plazma, hizi zinazotutengenezea kingamwili. Kuna watu wana seli za plazma zenye kasoro na hawaumwi chochote, kila mwaka kama 1 tu kati ya 100 ndo anaingia kwenye kansa yenyewe. Seli mbovu ikishajigandisha kwa jirani zake kwenye uboho, yaani ule ute wa ndani ya mfupa, wale jirani wanaanza kumwaga protini inaitwa IL-6, na kwa mayeloma hiyo ni chakula na ulinzi humohumo, inazaana na haifi hata dawa zikija, yaani seli nzima nzima ndo zinamlea mwizi.

Mifupa inavunjika kwa nini?
Hapa ndo pabaya. Mfupa una seli zinazojenga na zinazobomoa, mayeloma inazima zinazojenga na kupitia ujumbe unaoitwa RANKL inachochea zinazobomoa, mfupa ukitafunwa unaachia vitu vinavyoikuza tena kansa, na mzunguko unaendelea hivyo hivyo. Ukipiga eksirei unaona matobo kabisa. Kalsiamu inamwagika kwenye damu, mtu ana kiu, anakojoa sana, choo kigumu, anaanza kuchanganyikiwa. Na huku kwetu mzee akilalamika mgongo anachuliwa na kupewa diklofenaki miezi na miezi, wakati dawa hizo kwa mwenye mayeloma zinamalizia figo!

Kuna dawa ya kukata hayo mawasiliano?
Zipo. Denosumab inaidaka RANKL kabla haijafika, asidi ya zoledroniki inapunguza nguvu seli zinazobomoa. Lakini hizo zinalinda mfupa, kansa yenyewe inapigwa na dawa zingine kama bortezomib.

Inaambukiza?
Hapana.

Nipime nini?
Mgongo usiopona pamoja na damu kupungua, omba picha kamili ya damu, kreatinini (ya kuangalia figo), kalsiamu na kipimo cha protini kwenye damu na mkojo. Vikileta wasiwasi ndo unatolewa uboho kwenye nyonga, kwa ganzi.