Sarafu ndogo zikiacha kutengenezwa, hela yako ya kwenye kopo haijafa

Kila nchi ikitangaza inaacha sarafu ndogo, sisi tunaofanya kazi na sarafu tunaulizwa swali lilelile, je zile nilizojaza kwenye kopo zimeshakuwa bati tu? Hapana jamani. Kuacha kutengeneza ni kitu kimoja, kufuta uhalali wake ni kitu kingine kabisa, naomba msichanganye. Kanada waligonga senti yao ya mwisho Mei 2012, Februari 2013 wakaacha kuisambaza kwenye mabenki, lakini mpaka leo thamani yake iko palepale. Nyuzilandi ndo walienda mbali zaidi, mwaka 2006 senti 5 ikafutwa kwenye malipo, ila benki kuu yao bado inazipokea na kukubadilishia.

Sababu kubwa ni gharama. Senti ya Marekani ni zinki asilimia 97.5 iliyopakwa shaba juu, na mwaka wa fedha 2024 kutengeneza moja tu kulikula karibu senti 3.7, ndo maana Novemba 2025 kule Philadelphia wakagonga ya mwisho ya matumizi ya kawaida. Halafu hizi hazirudi, mtu anapewa chenji anaimwaga kwenye droo, madukani zinaisha, kiwanda kinatengeneza zingine nazo zinaishia kwenye droo hivyohivyo.

Sasa kwenye kuraundi, yaani kusogeza jumla ya keshi juu au chini mpaka ilipike kwa sarafu zilizobaki, ndo nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa mtu anaweza kuumizwa bila kujua. Kama iliyobaki ndogo kuliko zote ni senti 5, jumla inayoishia na 1 au 2 inashuka mpaka 0, ya 3 au 4 inapanda mpaka 5, ya 6 au 7 inashuka mpaka 5, ya 8 au 9 inapanda mpaka 10. Na kinachoraundiwa ni jumla ya mwisho, kodi ikiwa imeshaingia, SIO bei ya kila kitu. Chukua risiti ya vitu vitatu, kila kimoja dola 1.99, jumla 5.97, kwa keshi unalipa 5.95. Keshia akipandisha kimoja kimoja utatoa 6.00, hizo senti 5 ni zako, mwambie arudie hesabu. Ukilipa kwa kadi hakuna kuraundi, inakatwa 5.97 kamili.

Na za kwenye kopo zitenganishe kwa aina, uzihesabu, uzipeleke benki.