IMF siyo UN jamani, kura hazilingani

Kila IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) ikitajwa lazima atokee mtu aseme "si na sisi ni wanachama, Afrika tukiungana tukapiga kura tunawashinda". Wapi! Hiyo ni Baraza Kuu la UN, kule ndo kila nchi ina kura moja. IMF kila nchi inapewa kura chache za msingi, hizo kweli zinalingana, halafu inaongezewa kura moja kwa kila SDR laki moja (SDR ndo kipimo chao cha mahesabu) ya kwota yake (fungu la pesa analochangia kila mwanachama), na kwota inaangalia zaidi ukubwa wa uchumi, kwa hiyo Marekani peke yake anaondoka na kama asilimia 16.5. Sasa kubadilisha hizo kwota zenyewe kunataka asilimia 85, piga hesabu mwenyewe, Marekani akigoma imeisha hiyo. Mageuzi ya 2010 yaliyowaongezea nguvu kina China na India yalikwama mpaka Januari 2016, yakisubiri Bunge la Marekani. Na bosi wa IMF tangu 1946 anatoka Ulaya tu, ingawa mkataba hausemi hivyo, ni mazoea yao wenyewe.