Kabla ya Kufunga Kishikio, Muulize Mzee

Mzee akianguka nyumbani kwake, lawama huwa ni ya umri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya asilimia 28 na 35 wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka. Kuanguka huua watu wapatao 684,000 duniani kwa mwaka, na kundi linalopoteza wengi zaidi ni la waliovuka miaka 60. Lakini ingia katika nyumba ya aliyeanguka uangalie: ngazi haina pa kushika, zulia limekunjamana ukingoni, balbu ya ukumbini iliungua siku nyingi na hakuna wa kupanda kuibadilisha. Umri hatuwezi kuurudisha nyuma. Hayo mengine yanatengenezeka, na kazi yake kubwa haizidi uwezo wa majirani wawili waliojitolea wakiwa na drili, bisibisi na nafasi ya asubuhi moja.

Ushahidi upo. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa New Zealand, eneo la Taranaki, uliohusisha nyumba zaidi ya 800 za watu wa rika zote. Baadhi zilirekebishwa mara moja: vishikio vya ngazi na bafuni, taa, kingo za ngazi za nje, sehemu za kukanyaga zisizoteleza. Nyingine zilisubiri zamu yake. Katika zile zilizorekebishwa, majeraha ya kuanguka yaliyohitaji matibabu yalipungua kwa takriban robo. Ndiyo maana sisi wa afya ya wazee tunahesabu matengenezo haya kuwa kinga ya afya kama kinga nyingine, wala si hisani ya pembeni.

Kishikio cha bafuni ndicho ningependa kila kikundi cha kujitolea kianze nacho, mradi kifungwe sawasawa. Mzee anayeteleza hudaka chochote kilicho karibu, mara nyingi fito ya taulo au ukingo wa sinki, na vitu hivyo havikutengenezwa kubeba mwili wa mtu. Kishikio kilichofungwa kwenye plasta tupu kina hatari zaidi kuliko kutokuwepo, kwa kuwa mzee atakiamini. Skrubu lazima ziingie kwenye tofali, zege au mbao imara ya ukuta, na aliyekifunga akining'inie kwa uzito wake wote kabla ya kukikabidhi. Urefu wake usiukisie. Mwombe mwenye nyumba akae na kuinuka chooni, uone mkono wake unatafuta wapi. Aliyepata kiharusi atakihitaji upande wa mkono wenye nguvu.

Mwanga nao hupuuzwa mno. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea mwanga mdogo sana ukilinganisha na la kijana wa miaka 20, kwa hiyo chumba unachokiona wewe kina mwanga wa kutosha, kwake ni giza. Njia ya kutoka kitandani hadi chooni ipewe taa kwanza.

Hata hivyo usifike na orodha yako tayari. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani kilibuni mpango uitwao CAPABLE, ambamo muuguzi, mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku) na fundi hushirikiana kumhudumia mzee mmoja, na malengo huchaguliwa na mzee mwenyewe. Huenda wewe umeona paa linalovuja, kumbe anachokitamani ni kuweza tena kujipikia, au kufika barazani bila kushikwa mkono. Anza na hilo. Na lile asilohitaji kusaidiwa, mwachie alifanye mwenyewe. Misuli isiyotumika hudhoofika upesi, na mtu anayefanyiwa kila kitu huanza kujiona mgeni nyumbani mwake.

Kuna mipaka. Nyaya za umeme, gesi na kupanda paa ni kazi ya fundi aliyesomea.

Mpaka wa fedha ni mgumu zaidi, nami naomba usilegezwe hata kwa nia njema. Shirika la Afya Duniani linasema takriban mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi hutendewa vibaya kwa namna fulani ndani ya mwaka, na unyang'anyi wa mali ni mojawapo ya namna hizo. Basi wanaojitolea waende wawili wawili, wawe wanaofahamika na kikundi. Wakitumwa dukani warudi na risiti na chenji yote. Namba ya siri ya benki au ya simu wasiijue kabisa, na habari za wosia wasiziguse.

Baada ya mwezi mmoja rudini. Kazeni skrubu zilizolegea, kisha muulize kama kishikio anakitumia. Ikiwa anatundikia nguo tu, kimewekwa pasipofaa, kihamisheni.