Ndigana kali Kusini: maneno ya watu na ya ramani

"Kusini hakuna ndigana, huo ugonjwa wa bara." Maneno haya nimeyasikia Nachingwea, nikayasikia Masasi, kuhusu ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Zamani yalikuwa na ukweli kiasi: mbung'o, nzi wa malale, walikuwa wengi, kwa hiyo ng'ombe wachache. Lakini 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu, Mbeya, na wengi wakaletwa na mifugo yao Kilwa na wilaya jirani. Kupe nao hawakubaki nyuma.

"Mbona kwenye ramani ya ndigana kwetu ni peupe?" Nukta huwekwa pale mtu alipochukua kupe au damu akaipeleka maabara. Pasipofikiwa hubaki peupe, na wewe msomaji unadhani ni pasafi. Tena uliza ni mwezi gani walipita. Kupe wa masikio, ndio wabebao ndigana kali, wakishakomaa hujaa wakati wa mvua. Ukija kuwatafuta hao waliokomaa Agosti utaondoka na kichupa kitupu.

"Palipo na kupe pana ndigana." Si lazima. Kupe wa masikio huanguliwa hana kimelea cha ndigana kali. Hukipata kwa kumnyonya ng'ombe mwenye nacho, hata aliyekwisha kupona, kisha hukihamishia kwa mwingine akishakua hatua inayofuata. (Ugonjwa wa mkojo mwekundu, nao wa kupe, ni habari nyingine, kimelea chake hupita hadi kwenye mayai ya kupe.) Kwa hiyo ramani ya kupe na ramani ya ugonjwa ni mbili.

"Kupe hutambaa wilaya hadi wilaya." Kupe hupanda jani akasubiri, basi. Safari ndefu hubebwa. Ndigana kali yenyewe ilivuka hivyo mwaka 1901 na 1902: ng'ombe wa pwani yetu walishushwa melini Beira, Msumbiji, ugonjwa ukaenea hadi Zimbabwe ya leo na Afrika Kusini. Ndiyo maana Wazungu waliuita homa ya pwani ya mashariki. Leo meli ni lori la mnadani.

Mimi mwenyewe nilinunua mtamba mnadani, nikamleta nyumbani bila kumkagua. Nilipokuja kufunua sikio, kupe wadogo walikuwa wamejipanga ndani kama ufuta uliomwagika. Hazikupita wiki mbili tezi ya chini ya sikio ikavimba, homa ikapanda, akaacha kula. Afisa mifugo alichoma sindano kwenye tezi, akapaka majimaji kwenye kioo, akaanza kujaza fomu. Mahali: akaandika kijiji changu.

Nikamwambia, bwana, huyu ugonjwa kautoa huko alikotoka. Fomu haikuwa na nafasi ya hilo. Akaandika jina la mnada pembeni, kwa kalamu ya risasi.